Koa wa kijani kwenye tangi la maji chumvi: nimtoe au nimwache?

*"Nina tangi la maji chumvi la lita 180 hapa nyumbani Mbezi Beach, sasa lina miezi minane. Mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja, na jiwe lenye matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati. Miezi miwili iliyopita niliongeza mawe mawili niliyouziwa na kijana ufukweni. Juzi saa nne usiku umeme ulikatika, nikamulika tangi kwa tochi ya simu, nikaona mdudu anatambaa kwenye kioo. Ni wa kijani kama mchicha uliopikwa, ana vidoti vyeupe, urefu wake kama kidole changu cha mwisho. Pembeni ana marinda, na ukingo wa marinda una mstari wa chungwa na mwingine mweusi. Kichwani ana masikio mawili. Asubuhi nikakuta kwenye kioo utepe wa njano-njano umejiviringisha kama dawa ya mbu. Mke wangu anasema ni ruba. Jirani anasema ni mtoto wa jongoo bahari na atatoa sumu iue samaki wote. Mama mkwe kasema nimmwagie chumvi. Fundi anayeniuzia vifaa kanishauri nitoe mawe yote, niyachemshe, nianze upya. Binti yangu wa miaka tisa ameshampa jina na hataki aguswe. Nifanye nini? Nina wasiwasi kwa sababu ya watoto."*

Ndugu yangu, kama mawe hayo bado hayajaingia sufuriani, yaache yalipo. Nitafika kwa mdudu wako, na nina mengi mazuri ya kukwambia juu yake, lakini hili la kuchemsha haliwezi kusubiri.

Yale matumbawe yanayofanana na vifungo vya shati yanaitwa zoanthidi. Baadhi yake, hasa ya jenasi ya Palythoa, hubeba mwilini sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana kutoka kwa viumbe wa baharini. Wanakemia waliokuwa wakichunguza Palythoa wa Hawaii walitangaza kuitenga mwaka 1971. Yakiwa yametulia majini hayana neno na mtu. Lakini ukiyakwangua kwa brashi, ukayamwagia maji ya moto, au ukachemsha jiwe yaliposhikilia, sumu hupanda hewani pamoja na mvuke na matone madogo sana ya maji, na kila aliyemo ndani ya nyumba huivuta. Uingereza, Ujerumani na Marekani ziko familia nzima zilizoishia hospitalini kwa sababu mtu mmoja alisafisha au kuchemsha mawe ya tangi lake. Fundi wako hakukutakia mabaya. Ushauri wa kuchemsha mawe umezagaa sana kwa wafugaji wa samaki, na kwa jiwe kavu lisilo na uhai hauna madhara. Kwa jiwe lako, jikoni kwako, watoto wakiwa sebuleni, ni hatari kuliko chochote anachoweza kukufanyia huyo mgeni wa kijani.

Kwa hiyo zoanthidi uzishike ukiwa umevaa glavu na kitu cha kukinga macho, hasa kama una kidonda au mchubuko mkononi. Ukishaingiza mkono tangini usijifute uso kabla ya kunawa. Na watoto wasiruhusiwe kuingiza mikono humo. Hayo ni ya kufuatwa hata kama usingemwona mdudu yeyote.

Sasa tuje kwake.

Mkeo aliposema ruba, nadhani aliona mwili laini unaojivuta kwenye kioo, na kweli mwendo unafanana. Ila ruba mwili wake umegawanyika pingili pingili kama mnyoo, ana vinyonyeo huku na huku, na hana masikio wala marinda. Jongoo bahari naye ni ndugu wa kiti cha pwani na urumi. Hana kichwa cha kuotesha pembe, na mdomo wake umezungukwa na vishada anavyotumia kuzoa mchanga. Hata hivyo jirani yako hakuzua. Baadhi ya majongoo bahari wakijeruhiwa au kuvutwa na pampu hutoa sumu inayoweza kuua samaki wa tangi zima kwa usiku mmoja. Alisikia jambo la kweli, akampachika mnyama mwingine.

Chumvi ya mama mkwe nayo ina asili yake. Koa wa bustanini ukimnyunyizia chumvi hufa kwa sababu chumvi hufyonza maji kutoka mwilini mwake. Huyu wako amezaliwa kwenye maji yenye chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Ukimmwagia chumvi humfanyi kama yule wa bustanini. Utakachofanya ni kuangusha chembe kali juu ya matumbawe yako zikayaunguze, na kuvuruga kipimo cha maji ambacho samaki na kamba wako wamekizoea.

Huyo ni koa wa baharini: ndugu wa konokono, chaza na pweza, aliyeacha gamba lake njiani. Nasema "aliyeacha" kwa maana yake halisi. Anapoanguliwa kwenye yai huwa lava mdogo asiyeonekana kwa macho, na huyo lava ana kigamba kama konokono yeyote. Akishapata mahali pa kukaa, hubadilika umbo na kukivua. Ndivyo alivyoweza kuingia nyumbani kwako bila kuonekana. Siku uliponunua mawe yale huenda alikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi, amejificha kwenye kijitundu. Miezi miwili ya kula vizuri ikamfikisha alipo.

Kwa maelezo yako, yaani rangi ya kijani, vidoti vyeupe, marinda mawili ya pembeni, mstari wa chungwa na ukingo mweusi, masikio mawili, ninamweka kwenye jenasi ya Elysia. Hasa hasa namfikiria Elysia ornata au jamaa yake wa karibu Elysia marginata. Hawa wawili wanafanana mno, na kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliwachanganya chini ya jina moja, kwa hiyo usikose usingizi ukishindwa kuwatofautisha. Kwa tangi lako tofauti yao si kitu. Kinachokuhusu ni chakula chao, na wote wawili hula mwani wa kijani uitwao Bryopsis.

Naomba ukumbuke vizuri. Kwenye mawe yale mapya, hukuwa na mwani wa kijani kibichi wenye vitawi laini kama unyoya wa kuku, ule ambao ukiuvuta leo kesho umerudi? Na je, wiki hizi haujapungua bila wewe kufanya lolote? Kama jibu ni ndiyo, basi tumemjua mgeni kwa sahani yake. Makoa wa baharini wengi ni walaji wa kitu kimoja tu, au viwili vya jamii moja: huyu hula spongi fulani pekee, yule anemoni fulani, mwingine mwani fulani. Ndiyo maana mimi, mtu akiniletea picha ya koa, swali langu la kwanza ni alikuwa amekaa juu ya nini. Rangi hudanganya, chakula hakidanganyi sana.

Ulaji wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaokuhakikishia kwamba matumbawe yako yako salama. Bryopsis, pamoja na vitawi vyake vyote, haina kuta za ndani zinazoigawa kama majani ya mchicha yalivyogawanyika kwenye seli nyingi. Ni kama mrija mmoja uliojaa utomvu. Elysia ana ulimi wenye safu moja tu ya meno, na hutumia jino moja kwa wakati kama sindano. Hutoboa mrija huo, kisha hufyonza, jinsi mtu anavyotoboa kona ya mfuko wa maziwa akanyonya. Jino hilo halikuumbwa kung'ata tumbawe, na samaki wako hana cha kuogopa kwalo.

Kisha linakuja jambo ambalo mpaka leo linanivutia kila nikilifikiria. Katika utomvu ule zimo kloroplasti, vile viwanda vidogo vya kijani ambavyo mimea hutumia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Koa humeng'enya vilivyobaki, lakini kloroplasti nyingine huzihifadhi zikiwa nzima ndani ya vijirija vya tumbo lake vilivyotandaa mpaka kwenye marinda. Ukijani uliouona si ngozi yake, ni mali aliyoiba kwenye mwani. Wapo wa jamii yake wanaotunza mali hiyo kwa miezi mingi, na aliye maarufu zaidi ni Elysia chlorotica wa pwani ya mashariki ya Marekani. Wengine huipoteza ndani ya siku chache. Utasikia watu wakisema koa hawa "wanaishi kwa jua" na hawahitaji kulishwa. Usiliamini hilo kwa mgeni wako. Mwaka 2014 watafiti walitoa majaribio ya spishi mbili, Elysia timida na Plakobranchus ocellatus, yaliyoonyesha kwamba waliowekwa gizani walistahimili njaa karibu sawa na waliowekwa kwenye mwanga. Taa yako ya LED, hata iwe nzuri kiasi gani, haitamshibisha.

Na kama siku moja utakuta kichwa chake kinatembea peke yake kiooni, mwili ukiwa umebaki chini, usidhani kamba wako amefanya mauaji. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Nara, Japani, walieleza kwamba Elysia wa kundi hilihili la marginata huweza kujikata shingoni kwa hiari, wakaacha mwili pamoja na moyo wake. Kichwa hicho huanza kula mwani baada ya saa chache, na kwa muda wa wiki tatu hivi huwa kimeotesha mwili mwingine kamili. Mwili ulioachwa huendelea kujongea kwa siku nyingi, hata miezi, ila wenyewe hauoteshi kichwa.

Nikiri kwamba picha ingenipa uhakika zaidi kuliko maneno. Kwa hiyo fanya hivi. Usimshike kwa vidole wala kwa wavu, mwili wake ni kama utandu wa uji. Zamisha kikombe mbele yake, msukume taratibu kwa maji aingie, kisha mmimine pamoja na maji ya tangi kwenye sahani nyeupe yenye kina kidogo. Mpe dakika tano atulie na ajinyooshe. Halafu mtazame kichwani. Elysia ana pembe mbili tu za kunusia, na kila moja imejiviringa kama ile karatasi ya karanga za barabarani, upande mmoja wazi. Mgongoni hana ua la matamvua wala vidole. Marinda yakifunguka utaona ndani mishipa iliyotawanyika kama ya jani.

Ukiona vingine, tunazungumza habari nyingine, na hapa nakuomba usiharakishe.

Pembe nne, yaani mbili za juu na mbili za mdomoni, na mwili mnene wa kahawia au kijani chafu uliovimba nyuma, huyo ni yule ambaye Wazungu humwita sungura wa bahari. Dolabella na wenzake wanapatikana tele kwenye majani ya bahari ya pwani yetu. Wakati wa bamvua, maji yakishapwa Kunduchi au Kigamboni, unaweza kumkanyaga Dolabella mkubwa kama mkate ukidhani ni jiwe lenye mwani. Hula mwani kwa wingi na tangi la lita 180 litamlaza njaa mapema. Akitishwa sana hutoa wino wa zambarau, na kwenye maji machache wino huo unaweza kuwadhuru samaki. Nitaje hapa kwamba kutoka kwa Dolabella wa Bahari ya Hindi ndiko wanasayansi walikopata dolastatini, kemikali iliyofungua njia ya dawa ya kutibu aina fulani za saratani ya tezi za limfu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Mnyama tunayemruka ufukweni kwa kinyaa ametusaidia kiasi hicho.

Mwili mgumu kidogo, mweusi, wenye vinundu vilivyopakwa njano kileleni, ni Phyllidia. Huyu ndiye ningekuambia umtoe leo leo. Hula spongi, na hukusanya sumu yake ngozini. Tangu mwaka 1963 inajulikana, kutokana na kazi iliyofanyika Hawaii, kwamba ute wake unaweza kuua samaki na kamba waliofungiwa naye kwenye chombo kidogo. Baharini maji ni mengi na hakuna anayeumia. Tangini maji ni yaleyale yanazunguka.

Mwenye vidole vidogo vingi mgongoni kama nyasi anahitaji uangalifu wa pekee, hasa kwako. Wako wanaokula anemoni zile ndogo zinazosumbua, na hao ni msaada mkubwa. Lakini wako wanaokula zoanthidi, na vidole vyao hufanana na zoanthidi zenyewe mpaka rangi. Wako pia wanaokula matumbawe magumu, weupe, wadogo kuliko punje ya mchele, na watoto wao hukua hapo hapo tangini bila kuhitaji bahari. Hao wakianza huongezeka haraka. Kama vifungo vyako vimekuwa havifunguki, au kuna vishada vyeupe vya mayai kwenye shina zake, nijulishe upesi, kwa kuwa huyo si mgeni wa kijani na dawa yake ni nyingine. Koa wako, kwa maelezo yako, hana vidole, na utepe ulikuwa kwenye kioo, mbali na matumbawe. Nimetulia.

Kidogo juu ya historia, maana wengi hudhani viumbe hawa hawajawahi kuandikwa kwetu. Mmoja wa watu waliowachunguza sana makoa wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika eneo ambalo leo ni Kenya. Aliwakusanya na kuwaeleza makoa wa Unguja na pwani jirani kwa upendo mkubwa. Vitabu vya historia humkumbuka kwa siasa za ardhi, sisi wa makoa tunamkumbuka kwa makala zake.

Turudi kwenye ule utepe wa dawa ya mbu. Ni mayai. Makoa hawa ni huntha, kila mmoja ana sehemu za kiume na za kike, na utepe huo una mayai mengi sana. Usiogope kwamba mwezi ujao utaamkia jeshi. Lava wa wengi wao wanatakiwa kuogelea wakila vijimea vidogo mno vya baharini kabla hawajageuka kuwa makoa, na tangini havipo vya kutosha. Pampu na chujio vitawamaliza, na wengine wataliwa na samaki wako. Waweza kuuacha utepe, au ukaukwangua taratibu kwa kadi ya plastiki ukiona kinyaa. Kama binti yako ana subira, mwambie autazame kila siku kwa kioo cha kukuzia. Ataona vidoti vikianza kuzunguka ndani ya mayai kabla ya kuanguliwa.

Je, ana sumu? Jibu la kweli ni kwamba ana ulinzi. Elysia wanaokula Bryopsis hukusanya kemikali ziitwazo kahalalidi, zinazotengenezwa na bakteria waishio ndani ya mwani huo, na samaki humkwepa kwa sababu hiyo. Lakini hatoi wino, na koa mmoja wa urefu wa kidole cha mwisho akiwa hai hataharibu lita 180. Binti yako akimgusa kwa bahati mbaya anawe kwa sabuni, basi. Asimpeleke mdomoni, na hilo ni kwa kila kiumbe cha tangi.

Hatari ya huyu kwa tangi ni kufa kwake. Na kwenye matangi ya nyumbani makoa hufa kwa njia mbili: pampu na njaa. Wangu wa kwanza nilimpoteza kwenye pampu. Niliacha mdomo wa kuvutia maji wazi, asubuhi nikakuta vipande, na maji yamechafuka amonia. Usirudie kosa langu: vika mdomo wa pampu kipande cha sifongo chenye matundu makubwa leo hii, na ukioshe kila baada ya siku mbili tatu kisizibe. Funika pia sehemu maji yanapomwagikia kwenda kwenye chujio. Akifa, mtoe mara moja, badilisha robo ya maji, na weka mkaa ulioamilishwa kwenye chujio kwa siku kadhaa.

Njaa ni ngumu zaidi, na ndipo unapotakiwa kuamua.

Unaweza kumwacha. Kama Bryopsis ipo, ni mfanyakazi asiyelipwa. Mwani huo ni msumbufu kuliko wote, na dawa nyingi unazouziwa kwa ajili yake huumiza vingine. Lakini atakapoumaliza ataanza kunywea, atafifia rangi, atakuwa mwembamba kama plastiki, na ndani ya wiki chache atakufa. Ukitaka akae, otesha Bryopsis pembeni: jiwe dogo lenye mwani huo ndani ya chupa pana ya maji chumvi, karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua kali, na hewa ikipulizwa taratibu. Kila wiki mpe kitawi. Ni kazi, si nyingi, na kwa mtoto wa miaka tisa ni darasa zuri sana. Hata hivyo maisha yake ni mafupi. Mwambie mapema, ili siku ikifika isimshtue.

Unaweza kumpa mfugaji mwingine aliyezidiwa na mwani huo. Dar es Salaam wanaofuga maji chumvi wanajuana, uliza dukani unaponunua chumvi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kama huna nafasi ya kuotesha.

Wengi huniambia, "Nitamrudisha tu pale Coco Beach." Naelewa moyo wake, ila sikushauri. Maji ya tangi lako yamechanganyika na samaki wa dukani, ambao mara nyingi wametoka mbali, na vimelea vyao haviulizwi pasipoti. Pia hujui alichukuliwa mwamba gani.

Hilo linanirudisha kwa kijana wa mawe. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na kuchukua matumbawe au viumbe humo ni marufuku. Siwezi kujua mawe yako yalitoka wapi, na wewe hukujua. Lakini ukihitaji mengine, nunua mawe makavu yaliyotengenezwa, kisha uyapandishie uhai kwa kipande kutoka tangi la rafiki. Yatachelewa miezi michache, na mwamba utabaki mahali pake.

Vitu vya kuepuka kwa muda huu ni vichache. Usiweke dawa yoyote yenye shaba, hata samaki wakipata vidoti vyeupe. Shaba huua makoa, kamba na matumbawe kwa kiasi kidogo sana, na hung'ang'ania kwenye mawe muda mrefu. Samaki mgonjwa mtibu kwenye ndoo ya pembeni. Usiweke dawa za kuua minyoo "kwa tahadhari". Kama unachota maji baharini, usichote baada ya mvua kubwa za masika wala karibu na midomo ya mito. Na kwa kuwa umeme umekukatikia, nunua pampu ya hewa ya betri. Joto la Januari na Februari likikutana na pampu zilizozimika, hewa ndani ya maji hupungua haraka, na hapo ndipo watu humkuta koa amekufa wakamsingizia kuua samaki, kumbe wote wamekosa pumzi.

Kuna nyakati ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukiona samaki wote wanahema juu ya maji kwa pamoja, kamba amelala ubavu, au maji yamegeuka zambarau au maziwa, usisubiri jibu la mtu. Hamishia samaki kwenye ndoo ya maji chumvi safi yenye hewa, kisha mwite mfugaji mzoefu aje alione tangi. Ukitaka kutambuliwa kiumbe kwa uhakika wa kisayansi, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na wanasayansi wa bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio wa kuwaendea. Peleka picha kwanza, usipeleke mnyama kwenye mfuko kwenye foleni ya Bagamoyo Road.

Na kwa watu: kama mlishajaribu kuchemsha au kukwangua jiwe lile, na mtu yeyote nyumbani, hata saa kadhaa baadaye, akasikia ladha ya chuma mdomoni, kifua kikambana, akapata homa na kutetemeka, misuli ikamuuma, au macho yakawa mekundu na kuuma, tokeni nje wote, fungueni madirisha, na mpelekeni hospitali papo hapo. Mwambieni daktari waziwazi kwamba ameshika au amevuta mvuke wa matumbawe ya zoanthidi, na mtajie neno palitoksini. Daktari hawezi kulikisia, na bila kulisikia atadhani ni mafua makali au malaria.

Binti yako namwomba kazi moja. Aweke rula pembeni ya sahani, wewe upige picha moja kwa juu na moja ya kichwa kwa karibu, na yeye aandike alimkuta wapi kila usiku kwa siku saba: kwenye kioo, kwenye mchanga, au kwenye jiwe gani. Nitumieni, pamoja na jina alilompa.